Twendeni Tukale

Jumanne usiku Mama Pacha aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ijumaa twendeni tukale pale penye ukuta wa maua." Basi. Nahodha akajibu kwa sauti ya sekunde tatu iliyojaa upepo, "Mimi nipo." Mimi nikaweka moyo mwekundu. Mwalimu hakujibu mpaka kesho yake magharibi, na alipojibu aliandika, "Inshallah, nikijaaliwa," maneno ambayo kwetu Malindi yaweza kuwa ndiyo, yaweza kuwa hapana, na mara nyingi maana yake ni nipeni siku mbili nihesabu.

Ule ujumbe wa Mama Pacha niliusoma mara tatu. Hakusema "nawaalika". Hakusema "karibuni", wala "njooni mle". Mtu akikwambia njoo ule, unakwenda hata kama mfukoni huna nauli ya kurudi, kwani mwenyeji keshajitangaza. "Twendeni tukale" haina mwenyeji. Sote tunakwenda, sote tunakula, na hakuna ajuaye bili itamwangukia nani. Nilitaka kuuliza. Lakini utauliza vipi jambo kama hilo, na mwenzako ndiyo kwanza amerudi kutoka Doha baada ya miaka sita ya kulea watoto wa watu? Ukimuuliza "unatulipia?" umemwomba. Ukisema "kila mtu ajilipie" umemwonyesha kuwa ulidhani atalipa. Nikanyamaza, na naamini wenzangu walinyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Sisi wanne tunatoka mbali. Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimeshatuharibia paa la darasa. Nahodha aliachia njiani, kidato cha pili, akaenda baharini na baba yake, lakini kwetu bado anahesabiwa. Mwalimu ndiye aliyekuwa akitupa majibu ya hesabu asubuhi kabla kengele haijalia, na hesabu ndiyo anayofundisha mpaka leo. Kila siku tukirudi skuli tulipita kando ya ukuta ule wa maua ya zambarau. Nyuma yake tulisikia vyombo vikigongana, mtu akicheka kwa lugha nyingine, na harufu ya vitunguu saumu ikatufuata hadi njia panda. Hatukuwahi kuingia. Hakuna aliyetukataza, lakini pia hakuna aliyehitaji kutukataza.

Wageni wanaoijua Malindi kwa siku tano hudhani Wataliano waliletwa na mahoteli. Walianza na roketi. Miaka ya sitini wahandisi wao walikuja Ngomeni, kaskazini ya mji, wakasimamisha mtambo juu ya miguu ya chuma baharini, wakauita San Marco. Setilaiti ya kwanza iliruka pale Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Wamarekani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba. Ya mwisho iliruka 1988. Babu yake Nahodha alikuwa akiwachukua mafundi kwa mashua, na huko ndiko alikojifunza kula spageti, ila uma alikataa kuushika. Aliziviringisha kwenye vidole vitatu kama anayesokota uzi wa mshipi. Waliobaki nyuma ya roketi wakafungua nyumba za wageni, kisha pizza, kisha aiskrimu, kisha kasino, na sasa kuna watoto wa mtaani kwetu wanaojua "ciao" kabla ya kujua alifu.

Basi Ijumaa baada ya isha tukabanana kwenye tuktuk, watatu nyuma na Nahodha ubavuni mwa dereva, nusu ya mwili wake nje. Ilikuwa katikati ya Novemba, kusi imeshaondoka na kaskazi bado haijashika. Mto Sabaki ulikuwa umeteremka na udongo wake, na tangu Jumatatu bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama Pacha alikuwa amejifukiza udi. Tuktuk nzima ilinukia harusi.

Ndani pamebadilika, au labda hivyo ndivyo palivyokuwa siku zote, nani anajua. Kuta nyeupe, sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa, viti vya chuma vyembamba ambavyo mtu wa makalio ya heshima hukaa kwa tahadhari. Taa zilining'inia ndani ya madema. Madema ya kweli, yale ya kutegea samaki, yametundikwa darini na balbu katikati. Nahodha alisimama chini ya moja, kichwa juu, kama daktari anayetazama picha ya eksirei.

"Yakhe, hili halishiki hata tafi mmoja," akasema. "Tazama jicho lake lilivyo kubwa. Aliyelisuka alijua linakwenda kuvuliwa watalii."

Menyu hakuna. Katikati ya meza kuna kibao chenye ule mraba wa vidoti vyeusi, unaupiga picha kwa simu, chakula kinatokea. Tatizo ni kwamba simu ya Mwalimu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, na usiku ule alibeba mulika mwizi. Akasogeza kiti akasoma kwenye simu yangu. Hapo ndipo nilipoona. Mimi nikisoma menyu huanza kushoto, kwenye jina la chakula. Macho ya Mwalimu yalianza kulia. Yaliteremka kwenye safu ya bei, taratibu, hadi chini, kisha yakapanda hadi kwenye supu, yakatulia.

Ana binti chuo kikuu na mvulana kidato cha pili, na mshahara wake ukifika benki huwa umeshaliwa na mikopo kabla yeye hajaunusa. Haya nayajua. Mama Pacha hakuyajua. Miaka sita ni mingi, na kwenye simu Mwalimu husema "tuko salama".

Mhudumu alikuja na "buonasera" ya nguvu, kisha sauti ikamkatika.

"Mwalimu! Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ulikuwa ukikaa nyuma, karibu na dirisha?"

"Ndiyo Mwalimu."

"Milinganyo ulikuja kuiweza?"

"Ilinishinda, Mwalimu."

"Na Kitaliano?"

"Hicho nilikiweza."

Tulicheka sote, na meza yetu ikawa ghafla na cheo ambacho meza nyingine hazikuwa nacho. Kijana yule alitutazama mabuibui yetu na kofia ya Nahodha, akainama, akaanza kutufasiria menyu kwa sauti ya chini, mambo ambayo hayakuandikwa popote. Wali huu wa kamba, wanauita risotto, kwanza humiminiwa mvinyo mweupe, lakini jikoni nikisema mapema wanatia supu ya samaki badala yake. Ile tiramisu ina pombe, iacheni. Ile nyeupe inayotikisika kama kitumbua kibichi imegandishwa kwa jelatini, na hiyo jelatini yenyewe hatuijui ilitoka kwa mnyama gani. Pizza salama, ila msichukue yenye jina hili na hili. Alituchambulia kama mtu anayetoa miba kwenye samaki wa mtoto. Nimekula mahali pengi, Mombasa na Nairobi, na sijapata huduma bora kuliko ile.

Tukaagiza. Mama Pacha risotto bila mvinyo. Nahodha pizza, kwa sababu samaki wa pale, alisema, aliwauza mwenyewe asubuhi: kolekole, shilingi 450 kwa kilo, na sasa pande moja amelikuta kwenye menyu kwa 1,900. "Siwezi kumnunua mtu niliyemuuza," akasema. Mimi nikamchukua kolekole huyohuyo.

"Mimi supu tu na maji," Mwalimu akasema. "Mchana nimekula sana."

Kisha, kwa sauti yake ya darasani, akasoma yale maandishi ya kisisimizi yaliyo chini kabisa ya menyu: bei zote zina kodi ya VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, na ada ya huduma asilimia 10 itaongezwa. "Kwa hivyo ya mia sita ni mia sita na sitini," akamwambia yule kijana. "Umeona? Asilimia ina kazi."

"Nimeona, Mwalimu."

Nyumbani kwetu tulikua na sinia. Nyanya yangu alikuwa na moja la shaba lililobonyea pembeni, na juu yake kawa la ukindu wa rangi, na likitua mkekani tunalizunguka sita, saba, wakati mwingine mtoto wa jirani ambaye hakuna aliyemuuliza amekuja kufanya nini. Wali pembeni, samaki katikati. Unakula mbele yako, huvuki mpaka. Mkubwa ndiye anayemvunja samaki na kumgawa. Nyanya alikuwa na namna yake: mkono wake ulisukuma kipande kikubwa upande wa mtoto aliyekuwa na njaa zaidi, na wakati huo huo yeye anazungumza habari nyingine kabisa, mambo ya chokaa ya ukuta au nani kazaa, na macho yako dirishani. Mkono ulijua njia bila macho. Mara moja shangazi yangu alisema wazi, "Mpeni yule, maskini, kwao hawakupika leo." Nyanya hakumkemea mbele yetu. Alisema tu, "Kula na kipofu, usimguse mkono," akaendelea na habari ya chokaa. Yule mtoto aliosha mkono mapema, akaondoka. Hakurudi tena kwa wakati wa chakula.

Wanaolisifu sinia siku hizi, na wako wengi, hasa wanaoishi mbali nalo, husahau kwamba sinia lina mbio zake. Mimi ni mla wa polepole. Kaka zangu walikuwa na tonge kubwa kama ndimu, mimi nikitafuna moja wao wameshameza matatu, na mara nyingi niliinuka na njaa huku nikisema alhamdulillahi na wenzangu. Kwa hivyo sahani yangu peke yangu, yenye mpaka wa udongo, ambayo hakuna mkono utakaoivamia, naipenda. Sahani ile ya kolekole ilipowekwa mbele yangu usiku ule, nilifurahi kama mtu aliyepewa hati ya shamba.

Na samaki alikuwa mtamu. Hili naliandika nikijua mama atasomewa. Hakuwa na tui, hakuwa na ukwaju, wala pilipili, wala bizari. Chumvi, ndimu, mafuta ya zeituni na moto. Umri wote huu nimekula kolekole wa kupaka, na usiku ule ndipo nilipojua kolekole mwenyewe ana ladha gani akiachwa azungumze. Risotto ndiyo iliyozua ubishi. Nahodha alichota kijiko, akakiinua, akautazama wali ukiteremka kwa uvivu.

"Haya ni mashendea. Kwetu anapewa mgonjwa."

"Bokoboko la kamba," Mama Pacha akamrekebisha mdomo umejaa. "Na wewe ndiye mgonjwa."

Supu ya Mwalimu ilikuja ndani ya sahani pana yenye shimo dogo katikati, kama kikombe cha kahawa kilichozama ndani ya kofia. Vipande viwili vya mkate uliookwa pembeni. Alikula kwa utaratibu mkubwa, kijiko nusu kila mara, ili asimalize kabla yetu. Hesabu hiyo pia aliifanya vizuri. Kijiko chake cha mwisho na tonge langu la mwisho la samaki vilifika karibu pamoja.

Lakini sisi hatukumwacha. Nahodha alikata kipande cha pizza, akakisukuma kwake: "Onja, onja." Alionja. Mama Pacha alimjazia kijiko cha wali. Mimi, ambaye nilijua zaidi kuliko wote na kwa hivyo nilipaswa kunyamaza zaidi kuliko wote, nilimwekea pande la samaki juu ya ukingo wa ile sahani ya supu, nikasema kwa sauti, "Kula mwenzangu, hiyo supu itakutosha nini?" Meza ya jirani waligeuka. Mwalimu alisema asante, akalifunika lile pande kwa mkate.

Mama Pacha ndiye aliyeokoa mazungumzo, kwa kutuhadithia Doha. Hakutuhadithia majumba. Alituhadithia kwamba kwa miaka sita alikula jikoni, amesimama, sahani juu ya mashine ya kufulia, sikio likisikiliza mtoto. Wakati mwingine chakula kizuri kuliko hiki, alisema, lakini kwa wima. "Nilikuwa nikijiambia, siku nikirudi nitakaa kitako, niletewe, niulizwe unataka nini tena, na mbele yangu wawe watu wanaonijua." Aliushika mkono wa Mwalimu aliposema hivyo. Hapo nilielewa kwa nini alichagua mahali pale, na bado sikuelewa nani atalipa.

Nikainuka kama ninayekwenda kunawa. Karibu na mlango wa jikoni nikamkuta yule kijana. Nikamwambia bili azigawe, kila mtu na yake, na ile supu na maji ya Mwalimu aziandike kwenye yangu.

Alikaa kimya kidogo. "Mwalimu anajua?"

"Hana haja ya kujua."

"Mwalimu hujua," akasema. Lakini mimi ndiye mteja, akaenda kuandika.

Nilirudi mezani nikiwa mwepesi, nimejipongeza. Bili zilikuja ndani ya kijaluba cha mbao, karatasi tatu zimekunjwa. Moja ya Mama Pacha, moja ya Nahodha, moja yangu. Mwalimu alikuwa ameshafungua mkoba. Niliona noti zimekunjwa mara nne, zimefungwa kwa mpira, zimetengwa kwa ajili ya usiku ule.

"Yangu iko wapi?"

Kijana alitazama sakafu ile inayong'aa. "Imeshalipwa, Mwalimu."

"Na nani?"

Nahodha, mtu mwema, alitia kelele ili kuliziba shimo: "Alhamdulillahi! Mimi mbona hakunilipia mtu?" Tukacheka, kicheko kile cha kutafutia mlango. Mwalimu alitazama karatasi ya Mama Pacha, akatazama ya Nahodha, kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Akaufunga mkoba. Zipu yake ilikuwa na sauti.

Nahodha alishukia bandarini, Mwalimu akashuka Maweni, akatuaga vizuri, akanibusu mashavu yote mawili. Tulipobaki wawili kwenye tuktuk, Mama Pacha alikaa kimya hadi karibu na nyumbani kwao. Kisha akaniuliza, taratibu, mlikaa mkapanga lini?

"Kupanga nini?"

"Kwamba nisilipe. Nilikuwa nimetenga za watu wote wanne tangu Doha, kwenye bahasha, shoga. Nilikuwa nasubiri ije bili moja niishike mimi. Zikaja zimeshagawanywa. Nikasema, basi, wamenihesabu mgeni, hawataki cha mtu."

Nikamwuliza kwa nini hakuandika tu kwamba anatualika.

"Niwaalike vipi mahali si kwangu?" akasema. "Na ningeandika nawaalika, Mwalimu angekuja?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa ninapoandika sina. Dereva alikuwa amepunguza mwendo makusudi; madereva wa tuktuk wa Malindi wana masikio kuliko taa.

Jumamosi asubuhi simu ililia kabla chai haijachemka. Ulikuwa ujumbe wa M-Pesa: nimepokea shilingi 880 kutoka kwa Mwalimu. Supu mia sita, maji mia mbili, na asilimia kumi yake. Hakuna neno lililofuata, wala mimi sikupata la kuandika. Niliifungua na kuifunga ile simu mara kadhaa, nikafikiria kuzirudisha, nikakumbuka sauti ya ile zipu, nikaacha. Ziko palepale.

Saa nne hivi kundi letu likaamka. Nahodha alikuwa ameweka picha ya lile dema lenye taa, na chini yake wavuvi wenzake wawili wakicheka hadi machozi. Mama Pacha akaweka picha ya risotto. Kisha Mwalimu akaandika, kwa ile mulika mwizi ya ujumbe mfupi hawezi, kwa hivyo nadhani fundi alikuwa amemaliza kioo:

"Ahsanteni kwa jana. Jumapili ya mwisho wa mwezi njooni mle kwangu."

Nahodha akajibu kwa sauti ya sekunde tatu, upepo ndani: "Samaki juu yangu."

Mwalimu akamwandikia: "Hapana."